Mafunzo ya Kazi na Wajibu wa Kutoa Hesabu: Mfano wa Bonde la Kilombero

Kila shilingi ya umma inayotumika kumfundisha kijana kazi ina jasho la mtu ndani yake. Ushuru wa magunia ya mpunga yanayotoka Mngeta, ada ya meza katika soko la Ifakara, tozo anayolipa mwajiri juu ya jumla ya mishahara ya watu wake: yote hayo hukusanywa, huingia katika vitabu vya halmashauri au vya Hazina, na sehemu yake hurudi bondeni kwa sura ya chuo, ya mkopo wa kikundi au ya malipo ya kazi za muda. Kwa kuwa fedha hiyo si mali ya ofisi inayoigawa, ofisi hiyo inadaiwa taarifa. Makala haya yanakusudia kueleza taarifa hizo ni zipi, zinapita njia gani, na kwa nini katika bonde la Kilombero, kama ilivyo mahali pengi nchini, zinaweza kuwa sahihi kwa kila tarakimu na bado zisiseme kama kijana aliyefundishwa anafanya kazi au hafanyi.

Suala hili si la makarani peke yao. Kada anayekaa katika mkutano wa kata na kusomewa kwamba vijana kadhaa "wamenufaika" na mafunzo hana budi kujua neno hilo limebeba nini. Je, aliyenufaika ni yule aliyejiandikisha? Ni yule aliyemaliza? Ni yule aliyepewa cheti, au yule ambaye leo ana wateja na cherehani yake inazunguka? Katika taarifa nyingi wote hao huitwa wanufaika, na neno moja likishawafunika wote, mkutano hupiga makofi na kupita kwenye ajenda inayofuata.

Fedha na njia zake

Mafunzo ya ufundi yaliwekewa sheria ya kitaifa mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio la Musoma, lililosisitiza kwamba elimu na kazi haziwezi kutenganishwa. Mwaka 1994 ikatungwa sheria nyingine, ndipo ikazaliwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, pamoja na tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayotozwa waajiri kila mwezi. Tozo hiyo iliwahi kufika asilimia 6 ya mishahara, ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Si tozo yote inayokwenda kwenye mafunzo ya VETA. Sehemu kubwa hubaki Hazina kwa matumizi mengine, na waajiri wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Hiyo peke yake ni hoja ya taarifa: anayelipa kwa jina la ufundi ana haki ya kuonyeshwa kiasi gani kimefika kwenye ufundi.

Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 ikaongezeka Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyowekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Humo mna uanagenzi, mna mafunzo ya uzoefu kazini kwa waliomaliza vyuo, na mna jambo moja ambalo katika mji kama Ifakara lina uzito wa pekee, nalo ni kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Fundi mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wake bila kukanyaga chuo hupimwa, hupewa mafunzo ya kujazia mapengo, na hupewa cheti.

Njia ya pili ni ya halmashauri. Tangu mwaka 2018 kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wilaya ya Kilombero ina halmashauri mbili, ya Mji wa Ifakara na ya Wilaya ya Mlimba, na ng'ambo ya mto ziko Ulanga na Malinyi. Kila moja ina hesabu yake. Mikopo hii ilisimamishwa nchini kote mwezi Aprili 2023, baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha marejesho yaliyokwama na vikundi vilivyopokea fedha lakini havikuonekana vilipotafutwa. Iliporudishwa mwaka 2024 iliwekewa kanuni mpya, na halmashauri kumi zikachaguliwa kujaribu kuitoa kwa njia ya benki.

Njia ya tatu ni vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama kile cha Ifakara na kile cha Sofi huko Malinyi. Na pembeni kuna TASAF, ambayo katika mpango wake wa kunusuru kaya maskini hulipa wanakaya kwa kazi za muda za kujenga barabara, malambo na kadhalika. Kazi za muda hazihesabiwi kuwa mafunzo, lakini katika taarifa za ajira za wilaya huingia safu moja na mafunzo, na ndiyo maana tunazitaja.

Taarifa inavyopanda

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi na kwisha Juni 30, nao umegawanywa katika robo nne. Mwisho wa kila robo, taarifa hupanda. Afisa maendeleo ya jamii wa kata huandika idadi ya vikundi, kiasi kilichokopeshwa na kiasi kilichorejeshwa. Karatasi hiyo huenda kwa mkurugenzi, husomwa katika kamati na katika baraza la madiwani, hupelekwa mkoani Morogoro, na kutoka huko kwa wizara inayosimamia serikali za mitaa. Chuo cha maendeleo ya wananchi kina njia yake ya kwenda Wizara ya Elimu. VETA ina kanda na makao makuu yake. TASAF ina waratibu wake.

Mwaka ukiisha, halmashauri hufunga hesabu na kuzikabidhi kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu. Mkaguzi hukamilisha ripoti yake ndani ya miezi tisa tangu mwaka kwisha, humpelekea Rais kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba, kisha ripoti hufikishwa Bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi kujibu hoja. Kwa upande wa fedha huu ni mnyororo wenye nguvu. Mkopo uliotolewa bila mkataba, hati ya malipo isiyo na kiambatisho, kikundi chenye majina yasiyo na watu, vyote vinaweza kukamatwa, na mara nyingi vinakamatwa.

Lakini mkaguzi wa hesabu hukagua kile kilichoandikwa. Akikuta vijana ishirini wamelipiwa mafunzo ya uchomeleaji, majina yapo, saini zipo, stakabadhi zipo, hoja yake imefungwa. Kwamba kumi na watano kati yao hawajashika tena mashine ya kuchomelea tangu siku ya mahafali, hilo haliko katika stakabadhi yoyote.

Kijana mmoja, kazi tatu

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Kisawasawa anasoma useremala katika chuo kwa muda wa mwaka mmoja na kumaliza. Chuo kinamwandika: mhitimu mmoja. Anarudi kijijini bila randa wala msumeno. Wenzake wanaunda kikundi cha kufuga kuku wa mayai ili wapate mkopo wa vijana, naye anaongezwa ili idadi itimie. Halmashauri inamwandika: kijana mmoja amewezeshwa kujiajiri. Mama yake yumo katika kaya zinazosaidiwa na TASAF, na msimu wa kazi za muda ukifika ni yeye anayekwenda kuchimba mtaro kwa niaba ya kaya. Anaandikwa mara ya tatu.

Taarifa tatu zinapanda kwa njia tatu zisizokutana mahali popote isipokuwa katika hotuba. Hotuba itajumlisha, na jumla itakuwa ajira tatu. Kijijini yupo kijana mmoja, ana cheti cha useremala na hisa ya kuku, na kesho asubuhi anapanda gari kwenda Kidatu kuuliza kama kiwanda cha sukari kinachukua vibarua wa kukata miwa.

Hapo hakuna mwizi. Kila ofisi imeandika kweli. Kasoro ni kwamba kila ofisi inahesabu kitendo chake yenyewe, yaani kufundisha, kukopesha, kulipa, na hakuna iliyopewa kazi ya kumhesabu mtu. Huu ndio urasimu katika maana yake halisi, ofisi kujitazama katika kioo cha fomu zake. Dawa yake si kuongeza fomu ya nne.

Kazi ni nini, na imehesabiwa mwezi gani

Watu wengi hudhani kwamba swali la nani ana kazi ni jepesi. Wanatakwimu hawalioni hivyo. Mkutano wa 19 wa kimataifa wa wanatakwimu za kazi, uliofanyika Geneva mwezi Oktoba 2013, ulikubaliana kwamba mtu aliyefanya kazi kwa malipo au kwa faida hata kwa saa moja katika wiki inayoulizwa ahesabiwe kuwa ana ajira. Mkutano huo huo ulimtoa katika hesabu ya ajira yule anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumba yake. Huyo anafanya kazi, lakini kwa kipimo hicho hana ajira. Ukileta kanuni hiyo Mbingu au Idete, kijana aliyebeba magunia saa moja Jumanne ana ajira, na mama aliyeshinda shambani miezi sita akavuna mpunga wa kula na watoto hana. Kwa kulinganisha nchi na nchi kipimo hicho kina sababu zake. Kwa kupima kama mafunzo yamemsaidia mtu, hakitoshi.

Juu ya hilo bonde lenyewe lina saa yake. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Mei, na katika miezi ya Machi na Aprili Mto Kilombero hutanuka ukameza mabonde ya chini. Mpunga hupandwa maji yanapokuja na kuvunwa yanapoondoka, kuanzia Mei. Miwa hukatwa kiangazi, kuanzia katikati ya mwaka na kuendelea hadi mvua zinaporudi. Maji yakishuka, wavuvi hushughulika na vidimbwi na mikondo iliyobaki. Kwa hiyo taarifa ya robo inayoishia Septemba itawakuta vijana wengi wana ujira: wako kwenye miwa, wako kwenye kubeba mpunga, wako kwenye mashine za kukoboa. Taarifa ya robo inayoishia Machi itawakuta shambani palizi ikiwa imewaelemea, au wamekaa barazani wakingoja maji yapungue.

Afisa anayetaka taarifa nzuri anajua aulize lini. Hahitaji kusema uongo hata kidogo; anahitaji kalenda tu. Wala hatuna haki ya kumlaumu yeye peke yake, maana fomu yenyewe haina mahali pa kuandika kwamba idadi hii ni ya kiangazi. Basi kwa bonde hili kanuni ya kwanza ya taarifa ya kweli ingekuwa kumuuliza mhitimu yule yule mara mbili katika mwaka, mara moja wakati wa miwa na mara moja wakati wa maji, na kuandika majibu yote mawili kando kwa kando. Mshonaji wa Lupiro mwenye kazi Septemba na mwenye kazi Machi amefundishwa akafundishika. Anayefanya kibarua Septemba na kukaa bure Machi anaishi kwa msimu, sawa na jirani yake ambaye hakusoma chochote.

Tulikwisha kujaribu

Mawazo haya si mageni kwetu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya aina hiyo vya nchi za kaskazini mwa Ulaya. Katika mpango wa mwanzo mwanafunzi hakujichagua. Kijiji ndicho kilichomchagua, kikampeleka, kikamngoja. Aliporudi alidaiwa: umejifunza nini, utatufanyia nini? Taarifa ya namna hiyo haikuhitaji robo mwaka, maana aliyetoa fedha na aliyetoa mtu walikuwa wamekaa pamoja chini ya mwembe mmoja. Mpango huo ulikuwa na matatizo yake. Kijiji kiliweza kumchagua mpwa wa mwenyekiti, na aliyerudi na ujuzi wa magari hakukuta gari. Baadaye vyuo vilihamishiwa wizara ya maendeleo ya jamii, kisha vikarudi Elimu, na wanafunzi wengi sasa huja wenyewe na ada zao. Kilichopotea njiani ni lile dai la kijiji, na hakuna waraka uliowekwa mahali pake.

Jaribio la pili lilikuwa la namna nyingine. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 ilizitaka mamlaka za mitaa kuweka daftari la wakazi wote wenye uwezo wa kufanya kazi, ili kila mtu ajulikane anafanya nini. Katika karatasi lilikuwa daftari kamili kuliko lolote lililopata kufikiriwa nchini. Katika utekelezaji, hasa Dar es Salaam kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka ule, lilikuwa msako wa walioitwa wazururaji. Walikamatwa, wakapelekwa mashambani na vijijini, na wengi wao wakarudi mjini. Waliokamatwa na kusafirishwa waliweza kuhesabiwa. Waliobaki kwenye kazi baada ya miezi sita hawakuwa na safu yao. Kosa la daftari lile lilikuwa kwamba lilimtazama mwananchi kama mshitakiwa. Tunapodai leo kwamba mhitimu afuatiliwe, tuwe waangalifu tusirudi huko. Anayepaswa kujieleza ni mpango uliotumia fedha. Kijana aliyeshindwa kupata kazi hana kesi ya kujibu.

Nchi nyingine zimeonja uchungu wa aina tofauti. Marekani, kwa sheria ya mafunzo ya kazi ya 1982, iliwawekea watoa mafunzo viwango vya idadi ya watu watakaopata ajira. Matokeo yake, wataalamu waliouchunguza mpango ule walizungumza sana juu ya kuchuja, yaani kuwachukua wale ambao wangepata kazi hata bila kufundishwa na kuwaacha wenye shida. Sheria yao ya 2014 inauliza kama mhitimu ana kazi katika robo ya pili na tena katika robo ya nne baada ya kutoka mafunzoni, na kiasi anachopata. Na majibu hayo hulinganishwa na kumbukumbu za mishahara ambazo waajiri huziwasilisha serikalini. Kuuliza mara mbili ni jambo la kuiga. Kumbukumbu za mishahara ni habari nyingine. Mtu anaweza kusema tutumie michango ya NSSF vivyo hivyo, na kwa fundi aliyeajiriwa kiwandani Kidatu inawezekana. Kwa mshonaji, mchomeleaji wa pembeni mwa barabara na mkulima wa bustani wa Kiberege haiwezekani, kwa kuwa hawamo katika michango hiyo. Hao wanajulikana kwa majirani tu. Na hatari ya kuchuja iko hapa pia: ukiipima Ifakara kwa idadi ya walioajiriwa peke yake, nafasi zitakwenda kwa vijana wa mjini wenye kidato cha nne, na binti aliyeacha shule kwa sababu ya mimba, anayeishi ng'ambo, hatafikiriwa.

Taarifa ishuke

Kwa kuwa majirani ndio wanaojua, taarifa haina budi kushuka kwao kabla ya kupanda. Chombo kipo. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, muda ule ule wa robo mwaka, na serikali ya kijiji hudaiwa kuusomea mapato na matumizi. TASAF nayo imezoea kupeleka majina ya kaya mbele ya mkutano wa kijiji, na yeyote aliyehudhuria anajua jinsi wananchi wanavyokosoa orodha: huyu ana ng'ombe, yule amehama, huyo alifariki mwaka jana. Ukosoaji wa nusu saa kama huo hukamata mambo ambayo mkaguzi kutoka Morogoro hangeyaona kwa wiki nzima.

Orodha ya waliofundishwa kwa fedha ya umma ingesomwa vivyo hivyo. Nani alikwenda, alijifunza nini, kwa fedha ipi, na sasa yuko wapi kikazi. Hapo kijana wetu wa Kisawasawa, aliyeandikwa mara tatu, angeonekana ni mmoja. Mkutano ungeuliza pia lile ambalo fomu haiulizi, kwamba kwa nini seremala alirudishwa bila randa. Hilo ni swali la bajeti, na jibu lake linatakiwa kutoka kwa aliyeipanga. Tahadhari moja inatakiwa: madeni ya mtu binafsi, hali ya afya na aina ya ulemavu si mambo ya kubandika ukutani, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ofisi haiwezi kusema haikujua.

Kuna watakaopinga kwamba mikutano ya vijiji haikutani kwa wakati, na ikikutana watu ni wachache. Ni kweli katika vijiji vingi. Lakini mtu hatembei kilomita nyingi palizi ikimngoja ili kusikiliza asilimia za wilaya nzima. Kusikia habari za mtoto wake na za fedha iliyotumika kwa jina lake ni jambo jingine.

Na pale ambapo taarifa haikusomwa, mwananchi hana haja ya kungoja ripoti ya Bungeni. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu kuiomba ofisi ya umma taarifa iliyo nayo, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Barua yenyewe haihitaji mwanasheria. Iandikwe kwa mkurugenzi, itaje mwaka wa fedha, itaje fungu, iulize majina ya mafunzo yaliyogharimiwa katika kata, idadi ya waliomaliza, na idadi ya waliokuwa na kazi mwezi Septemba na mwezi Machi. Aipeleke masijala, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, na nakala hiyo aitunze.